Gereji ya dizeli isiyo na bango, Industria Nakuru: nyota 4, na trekta ya mzee haikuhitaji ovaholi

Hii rivyu ni ndefu, niseme mapema. Lakini kama uko na trekta ya zamani ama kisiagi cha dizeli ama jenereta inayokukataa asubuhi, isome tu, kwa sababu mimi nilikuwa nimebakisha siku mbili nitoe 168,000 kwa ovaholi, yaani kufungua injini nzima na kubadilisha vitu vya ndani, kazi ambayo mashine haikuwa inaihitaji.

Gereji iko upande wa Industria, haina bango, ni geti la mabati limepakwa kijani hadi nusu halafu naona rangi iliisha. Ukiingia unapata matrekta manne matano yamesimama bila pua, kompresa inapiga kelele, kuku wanapita, na mzee mmoja wa miaka sitini na kitu amevaa ovaroli, miwani imefungwa na uzi. Wateja wanamwita Mzee, vijana wake wanamwita Mwalimu. Mimi nilianza na Mzee nikaishia Mwalimu.

Trekta yangu ni Massey Ferguson 135, zile zilitengenezwa kutoka 1964 hadi 1975, na injini ya Perkins ya silinda tatu, lita mbili na nusu. Baba aliinunua mitumba kabla sijazaliwa. Imelima karibu Njoro yote, imebeba mahindi, imebeba maharusi, na siku tulimzika ndiyo ilimbeba yeye. Kwa hivyo kwangu hii si chuma tu, na hapo ndipo shida ilipo, fundi mbaya akikuona unaipapasa mashine ameshajua bei yako.

Ugonjwa ulianza Machi, wakati kila mtu anakimbizana na mvua. Asubuhi ya Njoro mnaijua. Stata inazunguka mpaka betri inalia, inatoa moshi mweupe mzito unachoma macho, harufu ya dizeli mbichi, halafu inashika na silinda mbili, tuk tuk pah, tuk tuk pah, ikishapata joto ndio ya tatu inaingia. Kijana anayeiendesha akazoea kuipulizia ile spray ya kuwashia, na mimi nikafunga macho kwa sababu shamba lilikuwa linangoja. Msifanye hivyo. Hizi Perkins ziko na kihita kwa manifodi, kile kinachoma dizeli kidogo kupasha hewa inayoingia, sasa ukikiwasha halafu upulize etha hapo umejitengenezea bomu karibu na uso wako. Na hata isipolipuka, injini inazoea, kila wiki inataka zaidi.

Gereji ya kwanza nilienda, hiyo siitaji wala sielekezi mtu, walinihudumia haraka sana. Kijana akafungua kifuniko cha kuwekea oili injini ikiwa inaguruma, akaona moshi unatoka, akasema ringi (zile za pistoni, zinazozuia hewa kuvuja) zimeisha. Nikamuuliza ana uhakika, akasema ngoja nikuonyeshe. Akatoa injekta (zile zinapulizia dizeli ndani ya silinda), akamimina oili kidogo kila silinda, akarudisha, akapiga stata, ikashika vizuri kuliko asubuhi. "Umeona bosi? Oili imeziba ringi." Kwotesheni ikaja hapo hapo: silivu (lile bomba la chuma pistoni hupanda na kushuka ndani), pistoni, ringi, beringi, krenki ipelekwe kusagwa, pampu ifunguliwe, jumla 168,000, nusu kwanza kwa M-Pesa. Na mimi nilikuwa nimeamini kabisa, nimeona na macho yangu.

Jirani yangu wa Mau Narok ndiye aliniambia usitoe shilingi, peleka kwanza kwa yule mzee wa geti la kijani akupimie.

Mzee hakugusa spana kwa kama nusu saa. Aliuliza tu. Inakataa ikiwa baridi pekee ama hata moto? Moshi rangi gani asubuhi, rangi gani ikibeba mzigo? Unaongeza oili kiasi gani? (Lita moja kwa kila siku mbili za plau, akatikisa kichwa kama mtu amesikia habari ya kawaida.) Nikamsimulia ile ya kumiminiwa oili, akacheka mpaka akavua miwani.

Akaniambia hivi, na hii peke yake ilikuwa na thamani ya nauli. Silinda moja ya hii injini ni kama sentimita za ujazo 830. Dizeli inafinya hewa mara kumi na saba na zaidi, kwa hivyo pistoni ikifika juu kabisa nafasi inayobaki ni kama vijiko vitatu vya mezani. Vitatu tu. Sasa wewe ukimimina vijiko viwili vya oili hapo juu, umebakisha nafasi ya kijiko kimoja, lazima ifinye zaidi, hata ringi zikiwa mpya, hata zikiwa mbovu, itashika vizuri tu. Ile pimo ya oili ni ya petroli, ambako nafasi ni kubwa. Kwa dizeli inakudanganya, na ukizidisha oili haifinyiki, konrodi (fimbo inayoshika pistoni) ndiyo inapinda. Yaani wale vijana wangeweza kunivunjia injini wakinionyesha kuwa imevunjika.

Halafu akaanza na vitu vya bure. Betri: akaiweka chaja usiku mzima, akasafisha vichwa vya waya, kwa sababu stata ikizunguka pole pole hata injini yenye afya inasoma chini kwa geji. Filta ya hewa, ile ya bakuli la oili: alipoifungua ilikuwa na tope zito kama uji wa wimbi. Mpira unaotoka kwa filta kwenda kwa injini ulikuwa na ufa nyuma, mahali huwezi kuona ukiwa umesimama. Akaingiza kidole ndani, kikatoka na vumbi jekundu, akanionyesha bila kusema kitu. Wanasema jina Nakuru lilitoka kwa Wamaasai, mahali pa vumbi, na sisi tunaendesha matrekta humo na mpira uliopasuka.

Tapeti ndizo zilifuata, ile nafasi ndogo juu ya kila valvu. Hii Perkins ikiwa baridi inataka inchi 0.012. Silinda ya kwanza na ya pili fila geji (kibati chembamba cha kupimia nafasi) iliingia na kukwaruza vile inatakiwa. Ya tatu, kwa valvu ya ekzosti (ya kutoa moshi), fila geji ya 12 ikakataa, ya 8 ikakataa, hata ile nyembamba kama karatasi ikakataa. Yaani valvu ilikuwa imezama kwa kiti chake miaka na miaka mpaka nafasi ikaisha, sasa haifungi kabisa. Mzee akairekebisha, akasema tuombe Mungu iwe ni hiyo tu.

Ndio akaleta tena geji ya kompresheni, ile ya kupima nguvu ya hewa inayofinywa ndani ya silinda. Si ile ya magari madogo inaishia psi 300, ni ya dizeli inafika 1,000, ina mguu wake unafungwa mahali pa injekta. Injekta zote tatu nje, stopu imevutwa dizeli isiingie, betri imejaa, anapiga stata sekunde zile zile kwa kila silinda. Akaandika na chaki kwa bonet: 315, 305, 210. Na ya tatu ilikuwa imesoma 180 kabla ya tapeti kuguswa, maana aliipima mara mbili, hicho kitu nilikipenda.

Mimi nikashtuka, kwa sababu usiku nilikuwa nimesoma mahali kwamba dizeli nzuri iwe karibu 400. Akaniuliza, "Hiyo 400 ni ya wapi, kijana?" Hewa ya Nakuru, tuko kama mita 1,850 juu ya bahari, ni nyepesi, unapata kama asilimia 80 ya ile ya Mombasa. Kwa hivyo injini ya 400 kule pwani hapa itasoma kama 320 bila kuwa na ugonjwa wowote, na Njoro inashuka tena kidogo. Nikafikiria ni wangapi wameuziwa pistoni kwa sababu ya mwinuko wa ardhi. Anachoangalia yeye zaidi ni tofauti kati ya silinda na silinda. Zikishuka zote sawa, hiyo ni uzee. Zikishuka mbili zilizo jirani, shuku gasketi ya hedi (kile kichwa cha injini chenye valvu) katikati yao. Ikishuka moja pekee yake, kuna kitu hapo, kitafute kabla ya kufungua kila mahali.

Sasa akatafuta, na hii sehemu ndiyo niliifurahia kuliko yote. Akazungusha injini na mkono mpaka silinda ya tatu ikafika juu, valvu zote zimefungwa, akaweka gia kubwa na breki isije ikajizungusha, akatuambia tukae mbali na feni. Kisha akaingiza hewa ya kompresa mahali pa injekta. Kompresa ikazimwa, kila mtu kimya, hadi yule wa kugonga bodi nje akaambiwa angoje. Shhhhh. Akaning'iniza kipande cha tishu kwa bomba la moshi na tishu ikapepea kama bendera ya chifu. "Valvu ya ekzosti," akasema. Akaniita niweke sikio kwa kifuniko cha oili, nikasikia kitu kidogo sana, kama mtu anapuliza chai ipoe. Hiyo ni ringi, akasema kila injini inapumua hivyo, ingekuwa kama mtu anapuliza moto wa jiko ndio ungelia. Upande wa kuingiza hewa, kimya. Rejeta imefunguliwa, maji hayatoi povu, kwa hivyo gasketi ya hedi ni nzima na hakuna ufa. Alirudia kwa silinda ya kwanza na ya pili, tishu haikusonga.

Dakika ishirini, tishu moja. Bei ya kupima yote ilikuwa 3,500.

Sikuwa nimemaliza maswali ingawa, kwa sababu kufikia valvu lazima hedi itoke, na ikishatoka si ni afadhali umalize yote? Hapo ndipo mafundi wengi hukumaliza wewe. Mzee akasema tuitoe hedi kwanza tuangalie, halafu uamue ukiwa umeona. Valvu ilikuwa imeliwa ukingoni, kakipande kadogo hakapo, kama chapati mtoto ameuma akakimbia. Silinda zenyewe, akapitisha ukucha juu karibu na mdomo pale ringi hugeukia, ukakwama kidogo. Akapima na geji ya ndani: iliyolika zaidi ilikuwa imelika inchi 0.004. Yeye hutia silivu mpya zikikaribia inchi 0.008. Chini ya silinda bado ile mistari ya kuchana iliyopishana ilikuwa inaonekana.

Mambo mengine yalishaonekana kabla. Presha ya oili injini ikiwa moto kabisa ilikuwa inakaa juu ya psi 30, kwa hivyo krenki na beringi ziachwe zilale. Kwa bomba la kupumulia kulikuwa na moshi, ndiyo, lakini haukuwa unasukuma dipstiki itoke. Akaniambia angeona presha imeanguka, silinda zote zimeshuka pamoja na moshi unapiga kama treni, angeniambia tufungue kila kitu na hangenionea huruma. Kisha akazunguka trekta yenyewe, akainua lift ya nyuma na plau juu, akaiacha tukaenda kunywa chai. Kurudi imeshuka hadi chini. Klachi nayo inateleza kidogo. "Ukiweka ovaholi ya laki na nusu hapa umemvalisha mgonjwa suti." Kwa maoni yake, tengeneza hedi, ziba vumbi, pesa itakayobaki ipeleke kwa lift na klachi, ringi na silivu zingoje misimu miwili mitatu. Spea hazitapotea, hii injini ndugu zake waliwekwa hadi kwa MF 240, kwa hivyo maduka ya Nakuru na Eldoret bado yamejaa seti za spea zake.

Nikakubali. Hedi ikaenda kwa mashine kusawazishwa, viti vipya vya valvu na gaidi zake (hizi si wale wa msituni, ni zile bomba valvu hupita ndani), 9,000. Valvu, sili na gasketi 8,500. Nozeli tatu za injekta na kupimwa presha, 10,500, na washa mpya za kopa chini ya injekta, maana hizo nazo zikivuja unaweza kudhani ni kompresheni. Oili na filta zote 6,200. Mkono wake 8,000. Ukijumlisha na kupima ni 45,700. Gasketi niliyokuwa nimenunua mwenyewe mahali pengine kuokoa pesa, Mzee aliikunja na vidole, ikapasuka, akanirudishia vipande viwili bila maneno.

Sasa malalamiko, kwa sababu hii si tangazo.

Aliniambia siku tatu. Zilikuwa kumi na moja. Katikati ya msimu! Nikalazimika kukodi trekta ya mtu 3,000 kwa ekari huku yangu imelala bila kichwa Industria. Hedi ilikaa kwa mashine siku tano eti stima zilipotea, sawa, stima huwa zinapotea, lakini simu si ungenipigia? Ukipiga yeye hashiki, ana simu ya kitufe inakaa ndani ya boksi la spana. Ukitaka habari panda matatu uende. Risiti ilikuwa kwa karatasi ya kufungia ringi, nikamwambia aandike upya na apige muhuri, muhuri hakuna. Hakuna mahali pa kukaa, na choo ni cha jirani.

Pia kifuniko cha tapeti kilivuja oili wiki ya kwanza. Alimtuma kijana na pikipiki hadi Njoro, akakirudia, na akakaza bolti za hedi mara ya pili kwa sababu zilikuwa zimeshafanya kazi moto masaa kadhaa. Hiyo kazi hakunitoza, nililipa petroli tu, 400. Kwa hivyo hapo simlaumu sana.

Majibu mnayotaka. Kabla niichukue alipima tena mbele yangu: 320, 310, 315. Asubuhi ya kwanza Njoro, saa kumi na mbili, baridi ya kuuma masikio, kihita sekunde kama kumi na tano, stata, ikashika mara moja na silinda zote tatu. Moshi mweupe ulitoka kidogo ukapotea kabla nifunge geti la ng'ombe. Mama akatoka jikoni na mwiko akidhani nimekodi nyingine. Spray ya kuwashia nimempa kijana onyo, nikiipata kwa hiyo trekta nakata mshahara. Oili bado inakula, ile ile lita moja, sasa labda kwa siku tatu, na Mzee alikuwa ameniambia hiyo hataigusa. Nimelima ekari 34 tangu itoke, na ikipanda kile kilima cha kuelekea kwa shule haitoi tena ile pah.

Mita ya masaa kwa dashibodi ilikufa zamani, nadhani kila 135 Kenya hii mita imekufa, kwa hivyo Mzee aliandika zile namba tatu na tarehe kwa rangi nyeupe ndani ya kifuniko cha boksi la spana, akaniambia nirudi naye apime baada ya mavuno ya mahindi, ikishuka tujue imeshuka kutoka wapi. Nitarudi. Mweke 3,500 kando, nendeni asubuhi kabla ya saa tatu kabla apate kazi ya mtu mwingine, msiende na haraka na msiende na gasketi yenu.

Nyota ya tano nimeishikilia kwa sababu ya zile siku kumi na moja, na kwa sababu spana ya baba ya 9/16 ilibaki huko na kila nikiuliza naambiwa iko mahali.